Kipimo Kabla ya Kidonge

Mei 2001 jarida la Time la Marekani lilitoka na vidonge kwenye jalada lake, likaviita risasi mpya za vita dhidi ya saratani. Dawa yenyewe ni imatinib, iliyouzwa na kampuni ya Novartis kwa jina la Glivec, na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilikuwa imeiidhinisha siku chache tu kabla. Ililenga aina moja ya saratani ya damu, leukemia sugu ya mieloidi, ambayo hadi wakati huo ilimwachia mgonjwa njia mbili ngumu: kupandikizwa uboho wa ndugu anayeoana naye, kama yupo na kama mwili utaukubali, au kuchomwa sindano za interferoni zilizomwacha na homa na uchovu usiokwisha. Katika jaribio la mwanzo, kati ya wagonjwa 54 waliopewa dozi ya kutosha baada ya interferoni kushindwa, 53 hesabu ya damu yao ilirudi katika hali ya kawaida. Ndipo maneno tiba lengwa yalipoanza kutamkwa kwa matumaini, kana kwamba saratani zote zilikuwa zinasubiri foleni zipate vidonge vyake. Robo karne imepita. Ukiyapitia yaliyotokea tangu hapo, mema na mabaya, utaona kumbukumbu ya wengi ina pengo: kidonge kinakumbukwa, kipimo kimesahauliwa. Nami nashikilia kwamba kipimo ndicho kilichobeba uzito wa jambo lote, na kwamba nchi zetu za Afrika Mashariki zikikimbilia dawa kabla ya maabara zitanunua kwa bei ghali kitu ambacho hazitajua wa kumpa.

Tuanze na miaka ambayo jalada lile halikuionyesha. Mwaka 1960, mjini Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kwa darubini kromosomu moja iliyokuwa fupi kuliko kawaida katika damu ya watu wenye leukemia hiyo. Wakati ule hakuna aliyejua kama ufupi huo ni chanzo cha ugonjwa au ni kovu lake tu. Mwaka 1973, huko Chicago, Janet Rowley alionyesha kwamba kipande kilichokosekana hakikupotea: kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. Miaka ya 1980 ikafichua kuwa mabadilishano hayo yanaunganisha jeni mbili zisizopaswa kukaa pamoja, na jeni hiyo ya mseto hutengeneza protini inayoziamuru chembe nyeupe za damu zigawanyike bila kukoma, kama bomba lililovunjika koki. Ni baada ya hapo tu ndipo Nicholas Lydon katika kampuni ya dawa na Brian Druker wa Oregon walipoweza kutafuta molekuli ya kuiziba tundu protini hiyo, na Juni 1998 mgonjwa wa kwanza akaimeza. Karibu miaka arobaini ya kuitambua alama ya ugonjwa, kisha miaka mitatu ya kuijaribu dawa kwa watu hadi ikakubaliwa. Waliofuatiliwa kwa miaka kumi baada ya kuanzishiwa dawa hii mapema, zaidi ya 80 kati ya kila 100 walikuwa hai. Lakini tusisahau kwamba leukemia hii ni ugonjwa mwepesi wa kufundishia: ina kichocheo kimoja kikuu, alama yake inaonekana, na inapatikana kwenye damu bila kupasua mtu. Saratani nyingi hazina ukarimu huo.

Funzo lenye uchungu zaidi lilitoka kwenye mapafu. Dawa ya gefitinib iliruhusiwa Marekani mwaka 2003 kwa saratani ya mapafu iliyokwisha kushindikana kwa tiba nyingine. Madaktari waliitoa kwa kila aliyefika, na walichoona kiliwachanganya: wagonjwa wachache, pengine mmoja kati ya kumi, uvimbe wao uliyeyuka kama barafu juani, huku waliobaki wakiendelea kudhoofika kana kwamba wamepewa maji. Jaribio kubwa la wagonjwa karibu 1,700 lilipokamilika mwishoni mwa 2004, hesabu ya jumla ilionyesha kwamba dawa haiwaongezei watu maisha kwa kiwango cha kuaminika, na mwaka uliofuata Marekani ikaibana isipewe wagonjwa wapya. Hapo ndipo dawa nyingi hufa. Iliyookoa hii ni ugunduzi wa mwaka 2004, kwamba wale wachache walioyeyukiwa na uvimbe walikuwa na badiliko maalumu katika jeni iitwayo EGFR. Jaribio la Asia ya Mashariki lililochapishwa mwaka 2009 likamaliza ubishi. Kwa wenye badiliko hilo, gefitinib ilipunguza uvimbe kwa watu 71 kati ya 100, ikaishinda tibakemikali waziwazi. Kwa wasio nalo, ilimsaidia mtu mmoja tu kati ya 100, na ugonjwa wao ulisonga mbele haraka kuliko wa wenzao waliopewa tibakemikali. Kidonge ni kilekile, dozi ileile. Mtu mmoja kinampa mwaka wa kupumua, mwingine kinamnyang'anya miezi ambayo dripu ya kawaida ingemsaidia. Wastani wa jumla ulikuwa umezificha hadithi hizi mbili ndani ya namba moja isiyomhusu yeyote. Mwaka 2015 Marekani iliirudisha dawa hiyo sokoni, safari hii ikiwa na sharti la kipimo.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Ni kweli, uji hupewa tu. Uvimbe, lakini, sharti uulizwe, na desturi ya kuuliza ni ya zamani kuliko majina haya makubwa ya tiba ya mtu binafsi. Mwaka 1896 George Beatson wa Glasgow aliandika kwamba kuondoa ovari kulipunguza saratani ya matiti kwa baadhi ya wanawake, na kwa wengine hakukufanya lolote. Miongo mingi baadaye Elwood Jensen alieleza kwa nini: baadhi ya uvimbe una vipokezi vya homoni ya estrojeni, mwingine hauna. Tamoxifen, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1977, inaziba vipokezi hivyo. Ikimezwa kwa miaka mitano na mwanamke mwenye uvimbe wa aina hiyo, inapunguza uwezekano wa kufa kwa saratani hiyo kwa takriban theluthi moja. Ikimezwa na asiye na vipokezi, anapata madhara tu. Nayo ni dawa ya bei nafuu kabisa, haina jalada la jarida wala hotuba ya waziri. Daktari anayepima kundi la damu kabla ya kumwongezea mgonjwa chupa anafanya kitu cha jamii hiyohiyo. Vivyo hivyo anayepima upungufu wa kimeng'enya cha G6PD kabla ya kutoa primakwini ya malaria, maana wenye upungufu huo, na katika maeneo yetu ya malaria si haba, chembe zao nyekundu zinaweza kupasuka. Kwa hiyo anayesema kwamba tiba ya kupima kwanza ni anasa ya Wazungu ajiulize kama angekubali kuongezewa damu ya kundi lolote kwa kuwa muda hautoshi.

Wala eneo hili halikuwa mtazamaji tu katika historia hiyo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya wa watoto ambao wengine waliuona kama magonjwa tofautitofauti. Mwaka 1961 alizunguka na wenzake wawili kwa gari kuukuu, safari ya maili zipatazo 10,000 kupitia Afrika ya Mashariki na ya Kati, wakiuliza hospitali kwa hospitali nani anauona uvimbe huo na nani hauoni. Mwanapatholojia Gregory O'Conor ndiye aliyeutazama kwenye darubini na kutambua kwamba ni limfoma. Utambuzi huo ndio uliofungua mlango wa dawa: watoto wa Kampala walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo duniani kuonyesha kwamba saratani inaweza kutoweka kwa tibakemikali pekee, na mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ikaanzishwa juu ya kazi hiyo. Baadaye uvimbe huohuo ulikutwa na kirusi cha Epstein-Barr, kisha na mabadilishano kati ya kromosomu ya 8 na ya 14, ukawa mmoja wa walimu wakuu wa elimu ya jeni za saratani. Yote yalianza na daftari, darubini na mtu aliyefunzwa kusoma anachokiona.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, kwa sababu mijadala mingi ya dawa hizi hupita juu ya jambo hili kama mtu arukaye dimbwi. Kipimo kinaanza na kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachokatwa au kuchomolewa kwa sindano nene. Kuanzia dakika kinapotoka mwilini, protini zake zinaanza kuharibika. Mwongozo wa kimataifa wa saratani ya matiti unataka kinyama kiwe ndani ya fomalini isiyozidi saa moja baada ya kukatwa, fomalini iliyochanganywa vizuri kwa kiwango cha asilimia 10 na kuzuiwa isigeuke tindikali, na kikae humo kwa muda usiopungua saa 6 wala kuzidi 72. Kisha kinazamishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, kinapakwa kingamwili zinazoshika rangi pale penye protini inayotafutwa. Kwa protini ya HER2, mtaalamu anatoa alama kuanzia 0 hadi 3. Tatu maana yake ipo tele, na mgonjwa anafaa kupewa trastuzumab, dawa ambayo Herceptin ni jina lake la sokoni. Mbili haina jibu, jeni yenyewe sharti ihesabiwe kwa kipimo kingine. Sasa fikiria kinyama kilichowekwa kwenye maji ya chumvi kwa sababu fomalini imekwisha, au kilichokaa kwenye kopo Ijumaa hadi Jumatano kikisubiri basi la kukipeleka hospitali ya rufaa. Jibu likirudi likisema hakuna vipokezi, hakuna HER2, karatasi itakuwa na muhuri na sahihi, na itakuwa imeandika uongo. Mwanamke huyo ataikosa tamoxifen ya bei ya chini pamoja na Herceptin ya bei ya juu, na hakuna atakayejua kwamba hukumu yake ilitolewa na kopo. Ninaposema maabara kwanza sikusudii mashine za mamilioni. Nakusudia fomalini sahihi, lebo yenye saa ya kukata, dereva anayejua kinyama hakisubiri, na mtaalamu wa patholojia wa kutosha ili majibu yatoke kwa wiki badala ya miezi.

Pingamizi la kwanza ni bei, na si pingamizi la kudharau. Inafaa kupima kitu gani, watu huuliza, kama dawa inayofuata haipatikani? Lakini historia ya miaka hii 25 inaonyesha kwamba bei hushuka kwa njia nyingi. Kuanzia 2002 Novartis ilitoa Glivec bure kwa wagonjwa wa nchi maskini kupitia mpango uliosimamiwa na shirika la Max Foundation, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo. Tarehe 1 Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India iliikatalia kampuni hiyo hataza ya umbo jipya la dawa hiyo, na viwanda vya huko vikaendelea kutengeneza imatinib kwa sehemu ndogo tu ya bei ya asili. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliingiza imatinib na trastuzumab kwenye orodha ya dawa muhimu. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilikubaliana na Roche kushusha Herceptin kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000 kwa dozi moja, zikilipwa na mamlaka ya bima ya afya. Katika kila moja ya milango hii, anayeingia ni mwenye jibu la maabara mkononi. Mpango wa Glivec ya bure ulidai uthibitisho wa alama ya ugonjwa, kwa hiyo mtu angeweza kuikosa dawa isiyouzwa kwa kukosa kipimo kinachouzwa. Mahakama inaweza kufuta hataza kwa siku moja. Haiwezi kumzaa mwanapatholojia kwa siku moja. Na kuna habari njema ambayo haitangazwi vya kutosha: mashine za GeneXpert, zilizosambazwa kwenye hospitali zetu kwa ajili ya kifua kikuu, zinaweza kupima alama ya leukemia hii kwa kubadilisha katriji tu.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanasayansi wenyewe, na hili nalikubali zaidi ya nusu. Wanasema ahadi imepita uwezo. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2018 kwa wagonjwa wa Marekani wenye saratani iliyosambaa ilikadiria kwamba waliostahili dawa zinazofuata jeni walikuwa kama asilimia 8 tu, na waliofaidika kweli hawakufika asilimia 5. Jaribio la Ufaransa lililoitwa SHIVA, la mwaka 2015, liliwapa wagonjwa wa saratani za aina mbalimbali dawa kwa kufuata jeni za uvimbe wao hata kama dawa hiyo haikuthibitishwa kwa saratani husika. Ugonjwa wao ulitulia kwa miezi 2.3, na wa waliotibiwa kwa uamuzi wa kawaida wa daktari miezi 2.0, tofauti isiyo na maana. Hoja hizi haziupingi msimamo wangu, zinaunyoosha. SHIVA inafundisha kwamba kukuta badiliko la jeni hakutoshi. Lazima iwepo dawa iliyokwisha kuthibitishwa dhidi ya badiliko hilo katika saratani hiyo. Kipimo ambacho jibu lake, liwe ndiyo au hapana, halibadilishi tiba ni biashara. Nasema hivyo kwa ukali kwa sababu siku hizi familia iliyokwisha kuuza kiwanja huuziwa uchunguzi wa mamia ya jeni kwenye maabara ya ng'ambo, ikapokea kitabu kizima cha majina ya mabadiliko na dawa moja isiyopatikana popote. Vipimo vinavyostahili pesa ya umma kwetu leo ni vichache: vipokezi vya homoni na HER2 kwa titi, alama ya leukemia niliyoitaja, EGFR kwa mapafu pale dawa inapopatikana. Orodha hiyo iongezwe kwa ushahidi, isiongezwe kwa matangazo.

Kuna wanaosema pesa hiyo ingeenda kwenye kinga. Saratani ya mlango wa kizazi bado inaua wanawake wengi wa eneo hili, chanjo ya HPV ipo, Rwanda iliianza kitaifa mwaka 2011, Tanzania 2018 na Kenya 2019. Sina ugomvi nao hata kidogo. Ningelazimishwa kuchagua kati ya chanjo na Herceptin, ningechagua chanjo. Ila maabara haimo kwenye uchaguzi huo, kwa kuwa mtaalamu yuleyule anayesoma kinyama cha titi ndiye anayesoma cha mlango wa kizazi.

Pingamizi zito kuliko yote ni usugu. Saratani hujifunza. Vemurafenib, iliyoidhinishwa mwaka 2011 kwa saratani ya ngozi ya melanoma yenye badiliko la jeni ya BRAF, iliufuta uvimbe kwa namna ya kushangaza, kisha kwa wengi ukarudi baada ya miezi sita au saba. Hata Glivec ilikutana na leukemia zilizobadili umbo la protini yake ili dawa isishike, na ikabidi zitengenezwe dasatinib na nyinginezo. Utafiti wa uvimbe wa figo uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba vipande viwili vya uvimbe mmoja vinaweza kuwa na mabadiliko tofauti ya jeni, hivyo kinyama kimoja hakisemi yote. Wapo wanaohitimisha kwamba kupima ni kukimbiza kivuli. Mimi nahitimisha kinyume: ugonjwa unaobadilika hauwezi kutibiwa kwa jibu la miaka miwili iliyopita, na nchi isiyoweza kupima mara ya kwanza haitaweza mara ya pili. Tena kuna deni jingine. Hadi kufikia 2018, kati ya watu walioshiriki tafiti kubwa za kuhusisha jeni na magonjwa duniani, wenye asili ya Ulaya walikuwa asilimia 78 na wenye asili ya Afrika asilimia 2. Dawa zinazoitwa za mtu binafsi zinatengenezwa kwa ramani ambayo sisi hatumo, na hatutaingia kwa kuomba. Tutaingia kwa vinyama vilivyohifadhiwa vizuri na majibu yaliyoandikwa katika daftari zetu, kama yale ya Mulago.

Bajeti za afya zinazosomwa bungeni kila Juni zipimwe kwa jambo hilo: ni wanapatholojia wangapi watasomeshwa mwaka huu, na fomalini itafika wilaya zipi. Na wewe unayesoma, ukikatwa kinyama wewe au mtu wako, uliza kimewekwa ndani ya nini na kitafika maabara lini. Ikiwa ni titi, uliza kama vipokezi vya homoni na HER2 vimo katika maombi ya kipimo. Omba nakala ya majibu, uitunze pamoja na kitambulisho chako, na uende nayo kila unakopewa rufaa.